Aliyeteleza Akitawadha: Dhamana ni ya Nani?

Mwanafunzi wa fiqhi anapofungua kitabu chake cha kwanza hukutana na maji. Atasoma aina za maji, kiasi cha kulla mbili, nguzo za udhu na mambo yanayowajibisha josho, kisha atafika kwenye kutayamamu na kupaka maji juu ya bandeji. Wanachuoni wameupekua mlango wa twahara mpaka tone la mwisho. Hata hivyo lipo suala moja ambalo mwanafunzi huyu hatalikuta humo, nalo ni la sakafu anayoikanyaga mtu wakati akiyatumia maji hayo. Si kwamba lilisahauliwa. Walilitia katika mlango wa kuamrisha mema na kukataza maovu, wakaliweka pamoja na udanganyifu wa wauza sokoni na vizuizi vinavyowekwa njiani vikawaudhi wapita njia.

Tumeona ni vyema kulirejea suala hili, na kulirejea tukiwa Moshi. Hospitali ya KCMC ilifunguliwa hapa mwaka 1971, na mwaka 1981 kikaanzishwa katika eneo lake chuo cha mafundi wa viungo bandia, TATCOT, ambacho kimesomesha wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Kwa hiyo mguu wa bandia, magongo na kiti cha magurudumu si vitu vigeni kwa watu wa mji huu. Aliyekatwa mguu kwa sababu ya kisukari, au kwa ajali ya pikipiki, huletwa Moshi akafunzwa kutembea upya. Akishaweza kutembea, Ijumaa ikifika anataka kwenda msikitini kama alivyokuwa akienda zamani. Anafika salama mpaka mlangoni pa sehemu ya kutawadhia, na hapo ndipo anapokutana na marumaru.

Wala tusidhani kuwa ni watu wawili watatu. Sensa ya mwaka 2022 ilionesha kuwa asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka saba na zaidi wana ulemavu wa aina moja au nyingine. Tukiwaongeza wazee ambao hawajiiti walemavu, lakini wanaposhuka ngazi hushika ukuta, tutaona kuwa safu nzima ya mbele katika misikiti yetu inahusika na mazungumzo haya.

Tuanze na kisa ambacho kila imamu amekisoma. Amepokea Abu Daud kutoka kwa Jabir (r.a.) kwamba walitoka katika safari, mmoja wao akapigwa na jiwe likampasua kichwa. Kisha akaota, akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama wanamuonea rukhsa ya kutayamamu. Wakamjibu kuwa hawamuonei rukhsa, kwani maji anayaweza. Akaoga, akafa. Habari zilipomfikia Mtume (s.a.w.) aliwalaumu vikali mno, akawabebesha kifo cha mtu yule, na akaeleza kuwa dawa ya asiyejua ni kuuliza. Wanachuoni wa hadithi wameizungumzia isnadi yake, hasa ile nyongeza ya mwisho inayotaja kupaka juu ya kitambaa, ila asili ya kisa inatiwa nguvu na riwaya ya Ibn Abbas (r.a.).

Kisa hiki kwa kawaida husomeshwa kama dalili ya kutayamamu. Ni sawa, lakini kina jambo jingine. Watu wale hawakumsukuma mwenzao, wala hawakumnyima maji. Walikuwa wazima, wakaupima uwezo wake kwa uwezo wao. Mtume (s.a.w.) hakuichukulia nia yao njema kuwa ni udhuru. Mtu alikufa kwa kuoga, na walioulizwa juu ya kuoga kwake wakabebeshwa lawama.

Sasa tuje kwa Imamu Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111 Miladia). Katika Ihya Ulum al-Din amefungua sehemu ya maovu yaliyozoeleka na watu: ya misikitini, ya sokoni, ya barabarani, ya mahamamu na ya karamuni. Anapofika kwenye mahamamu, yaani nyumba za kuogea za watu wote, msomaji angetarajia azungumzie uchi peke yake. Ameuzungumzia, tena kwa ukali. Lakini ametaja pia mawe laini yenye kuteleza yanayowekwa kwenye maingilio ya hamamu na kwenye njia za maji, yakawaangusha walioghafilika. Hilo kwake ni munkari, ni wajibu kuondolewa, na mwenye hamamu hukemewa akilipuuza, kwa kuwa huenda kuanguka kukavunja kiungo. Akaongeza kuwa kuacha mkunazi na sabuni vikitelezesha sakafuni nako ni munkari, kwani majani ya mkunazi ndiyo waliyokuwa wakiogea.

Kisha Ghazali, faqihi wa Kishafi'i, anaingia katika hesabu za dhamana. Mtu ameacha sabuni sakafuni akatoka, mwingine akaingia, akateleza, akavunjika, na sabuni yenyewe ilikuwa mahali isipoonekana kiasi cha kuweza kuepukwa. Nani atalipa? Anasema dhamana inazunguka baina ya aliyeiacha na mwenye hamamu, maana kusafisha hamamu ni haki inayomlazimu mwenyewe. Halafu anaielekeza kwa wakati: siku ya kwanza dhamana ni ya aliyeiacha, na siku ya pili ni ya mwenye hamamu, kwa sababu ada inayojulikana ni kuwa hamamu husafishwa kila siku. Ikiwa mahali pana ada nyingine, ada hiyo ndiyo itakayofuatwa.

Tunawaomba wanafunzi waisome hesabu hiyo mara mbili. Ghazali hakusema aliyeteleza angejiangalia, wala hakusema ni kadari, akanyamaza. Kadari ipo, na dhamana ipo.

Na haya hayakubaki katika vitabu vya kuitakasa nafsi. Yaliingia katika miongozo ya kazi ya muhtasibu, yule msimamizi wa masoko na mambo ya umma. Al-Shayzari wa Sham, aliyeandika katika zama za Salahuddin, anamtaka muhtasibu awaamrishe wenye mahamamu kuyafagia na kuyaosha kwa maji safi, na kuisugua sakafu kwa vitu vya kukwaruza ili mkunazi na khitmi visigande hapo, miguu ya watu ikateleza. Baada yake Ibn al-Ukhuwwa wa Misri, aliyefariki mwaka 729 Hijria, akaandika kwa njia hiyo hiyo. Kwa maneno mengine, miaka zaidi ya mia nane iliyopita palikuwa na afisa anayeingia bafuni kukagua sakafu. Leo misikiti yetu ina mkaguzi wa hesabu, ina fundi wa vipaza sauti, na sakafu ya maji haina mwenyewe.

Hapa msomaji anaweza kutuuliza: yote haya ya nini, na hali sheria imemkunjulia mgonjwa? Asiyeweza maji atatayamamu, asiyeweza kusimama ataswali akiwa amekaa, kama Mtume (s.a.w.) alivyomwelekeza Imran bin Huswayn (r.a.), na asiyeweza kufika msikitini ataswali nyumbani. Qur'ani yenyewe, katika Surat al-Nur na Surat al-Fat-h, imewaondolea uzito kipofu, kiguru na mgonjwa. Hoja hii tumeisikia mara nyingi kutoka kwa wanakamati, na tunaiona kuwa imekaa vibaya. Rukhsa ni haki ya mwenye udhuru. Yeye ndiye huichukua, kwa kuujua mwili wake. Haikuwekwa ili mjenzi aegemee juu yake. Mtu ambaye maji anayaweza, mikono anayo na nguvu anazo, akazuiwa na sakafu tu, huyo hana maradhi yanayomzuia. Aliyemzuia ni aliyepanga sakafu ile. Tukimwambia atayamamu, na mabomba kumi yanatiririka mbele yake, tutakuwa tumemsababishia udhuru kisha tukamtolea fatwa juu yake.

Na fiqhi ya madhehebu yetu haikuharakisha kiasi hicho kumpeleka kwenye udongo. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277 Miladia), ameeleza kuwa asiyeweza kutawadha mwenyewe ni lazima apate wa kumtawadhisha, ama kwa kujitolea, ama kwa ujira wa kawaida ikiwa anao. Aliyekatwa sehemu ya mkono ataosha kilichobakia katika sehemu ya faradhi, na aliyekatwa juu ya kiwiko imependekezwa aoshe sehemu ya mkono iliyobaki. Kwa kipimo hicho hicho, mwenye mguu wa bandia aliyekatwa juu ya kifundo hana faradhi ya kuosha mguu huo, na kiungo bandia chenyewe hakioshwi. Ila aliyebakiwa na sehemu ya unyayo lazima akivue, na hapo atahitaji mahali pakavu pa kukaa, maana hawezi kuvua mguu huku amesimama kwa mguu mmoja juu ya maji ya sabuni.

Kuhusu kukaa, tunayo sira yenyewe. Katika maradhi yake ya mwisho, mwaka 11 Hijria, Mtume (s.a.w.) alipozidiwa aliagiza amwagiwe maji ya viriba saba ambavyo kamba zake hazijafunguliwa. Anasimulia bibi Aisha (r.a.), katika hadithi aliyoipokea Bukhari, kwamba walimkalisha ndani ya beseni kubwa la bibi Hafsa (r.a.), wakawa wanammiminia mpaka akawaashiria kuwa imetosha. Baada ya hapo akawatokea watu. Katika riwaya nyingine ya siku hizo hizo anaoga, anataka kuinuka, anazimia, anazinduka, anaomba maji tena. Na alitoka kwenda msikitini akiwa amekongojewa na watu wawili, Abbas na Ali (r.a.), miguu yake ikiburuta chini.

Mbora wa viumbe alioga akiwa amekaa, akiwa na wasaidizi wa nyumbani mwake, katika chombo kilichoazimwa kwa ajili hiyo, na yeye ndiye aliyeashiria yatosha. Mtu akisema kuwa kiti bafuni ni mambo ya hospitali za Wazungu, tunamrudisha kwenye beseni la bibi Hafsa. Wala kusaidiwa maji si aibu kwa mzima, sembuse mgonjwa: al-Mughira bin Shu'ba (r.a.) alimmiminia Mtume (s.a.w.) maji ya udhu katika safari ya Tabuk, na Usama bin Zayd (r.a.) alimmiminia njiani wakitoka Arafa.

Waliofuata walilichukua jambo hili mpaka kwenye hazina ya dola. Khalifa al-Walid bin Abd al-Malik, aliyetawala kuanzia mwaka 86 hadi 96 Hijria, hatumsifu kwa kila alilolifanya, lakini wanahistoria akiwemo Tabari wamemwandikia hili: aliwapangia wenye ukoma riziki, akawakataza kuombaomba, akampa kila asiyeweza kutembea mtumishi na kila kipofu wa kumuongoza.

Turudi nyumbani. Uislamu ulipanda Kilimanjaro kwa miguu, pamoja na misafara ya watu wa mwambao iliyotoka Pangani, Tanga, Vanga na Mombasa katika karne ya 19 Miladia. Hata Johannes Rebmann, mmisionari aliyeuona mlima huo mwaka 1848, aliongozwa na Mwislamu, Bwana Kheri. Watu hao walitoka katika nchi ya visima na mabirika. Ukienda Kilwa Kisiwani, katika sehemu ya kutawadhia ya Msikiti Mkuu bado yapo mawe ya duara yaliyotandikwa chini kwa ajili ya kusugulia nyayo. Fundi wa zamani aliweka jiwe lenye kukwaruza pale hasa ambapo mguu uliolowa unakanyaga. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 731 Hijria (1331 Miladia). Miaka minne kabla ya hapo alikuwa ameyaona mahamamu ya Baghdad, akaandika kuwa ndani yake mna vyumba vingi, kila kimoja na hodhi yake yenye mabomba mawili, la maji ya moto na la baridi, na mtu huingia chumbani peke yake. Tutakihitaji chumba hicho mbele kidogo.

Watu wa mwambao walipofika mlimani walikuta maji ya aina nyingine. Wachaga walikuwa tayari na mifongo, mifereji inayochukua maji ya vijito kutoka juu na kuyatembeza ubavuni mwa mlima mpaka vihambani, kwa zamu na kwa sheria za ukoo. Maji ya mfongo yanapita, ni safi, na ni baridi. Aliyekaa Kibosho, Machame au Old Moshi akisilimu, twahara yake ilikuwa mlangoni. Lakini mfongo una kingo za udongo, na udongo wa mlima huu, masika ya Machi mpaka Mei yakishauloweka, humwangusha hata kijana. Mzee alichotewa na wajukuu akatawadha uani kwa kibuyu au kwa ndoo, amekaa juu ya kigoda. Tunakitaja kigoda kwa makusudi. Bila mhandisi, nyumba za wazee wetu zilikuwa zimetatua suala hili.

Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na mji wa chini ukakua kuizunguka stesheni. Maji ya bomba yakaja, misikiti ikajengwa, ikavunjwa, ikajengwa upya kwa ukubwa. Ndoo na kigoda vikaondoka, zikaja koki zilizopangwa ukutani. Na katika miaka hii ya karibuni, kila mfadhili anayetaka kuacha jina huacha marumaru. Tumeingia msikiti mmoja, ambao hatutautaja, sehemu yake ya kutawadhia inang'aa kama kioo, ipo chini kwa ngazi tano zisizo na cha kushikilia, na mlango wake ni mwembamba kiasi kwamba kiti cha magurudumu hakipiti. Mlangoni paliwekwa kandambili za plastiki zilizolika soli. Mzee mmoja mwenye gongo alibaki juu akisubiri mjukuu amletee kopo, akatawadha pembeni mwa barabara, watu wakipita.

Wanachuoni wa Kishafi'i wamesema kuwa mali iliyowekwa wakfu kwa ajili ya imara ya msikiti isitumiwe kwa nakshi na mapambo. Sakafu ya kung'aa mahali pa maji ni kitu gani kama si pambo, na tena pambo linalovunja nyonga?

Je, hesabu ya Ghazali inaihusu kamati ya msikiti? Mwenye hamamu alikuwa akilipwa, na msikiti ni wakfu. Tofauti hiyo ipo, na hukumu ya dhamana katika tukio maalumu ni ya kadhi baada ya kusikiliza pande zote. Lakini sababu aliyoitaja Ghazali haikuwa malipo. Alitaja kuwa usafishaji umemlazimu mtu fulani kwa ada. Kamati iliyopokea wakfu, inayokusanya sadaka ya Ijumaa kwa ajili ya maji na usafi, na iliyomweka mtumishi wa kuosha, imejilazimisha hilo yenyewe. Na mawe laini mlangoni aliyataja mbali na sabuni, hali ya kuwa hayana siku ya kwanza wala ya pili: yamewekwa na mjenzi, na yapo siku zote. Sheria ya nchi nayo imeingia humu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inataka majengo yanayotumiwa na umma yafikike na watu hao.

Linalotakiwa ni dogo kuliko gharama ya mnara mmoja. Koki mbili ziwe chini, mbele yake benchi la saruji la urefu wa kiti, lisilosogea. Kiti cha plastiki kikiwekwa penye maji husukumika, ni hatari kuliko kukosa kiti. Chuma cha kushikilia kifungwe ukutani kwa nati ndefu, kwani mtu mzima akiteleza huking'ang'ania kwa uzito wake wote, na chuma kilichoshikizwa kwenye kigae kitang'oka nacho. Sakafu iwe ya saruji iliyokwaruzwa au vigae vyenye mikwaruzo, na ielekezwe kwenye mfereji ili maji yasituame. Ngazi ziwe na mteremko pembeni yake. Na kwa anayelazimika kuoga hapo, msafiri au aliyelala itikafu, kiwepo chumba kimoja kama vile vya Baghdad, chenye mlango mpana unaofungwa, kinachomtosha mwenye kiti pamoja na msaidizi wake. Mtume (s.a.w.) alipomwona mtu akioga mahali pa wazi alipanda mimbari akawahimiza watu kujisitiri, na hakumtoa katika sitara asiyeweza kuoga peke yake. Msaidizi atakuwa mume au mke, akikosekana awe wa jinsia moja naye, atafunika baina ya kitovu na magoti na kupitisha mkono wenye kitambaa.

Upande wa wanawake usiachwe kwa zamu ya baadaye. Humo ndimo wamo wajawazito na bibi zetu, na mara nyingi ndimo palimopewa koki moja na giza.

Kwa misikiti ya mlimani lipo suala la baridi. Amr bin al-As (r.a.) alitayamamu katika usiku wa baridi kali kwenye msafara wa Dhat al-Salasil, mwaka 8 Hijria, akihofia nafsi yake, na Mtume (s.a.w.) alipomsikia alicheka, hakusema kitu. Lakini mafaqihi wetu wameshurutisha kuwa awe hana cha kupashia maji. Machame au Marangu mwezi wa Julai, penye kuni na sufuria, sharti hilo kwa wengi halitimii. Birika la maji ya vuguvugu kwa wazee alfajiri litawabakisha wengi katika jamaa. Yachanganywe kabla ya kuwafikia, kwa sababu aliyepooza upande mmoja, au mwenye kisukari kilichoua hisia za miguu, huungua bila kujua.

Limebaki swali ambalo maimamu hutuuliza zaidi ya yote: magurudumu ya kiti yaliyotoka barabarani, je, yaingie juu ya zulia? Asili ya tope la njia ni twahara mpaka ipatikane yakini ya najisi, na hata lenye najisi limesamehewa kwa kiasi kisichoepukika. Msamaha huo hauruhusu kuuchafua msikiti kwa unyevu wa najisi. Basi pawepo mlangoni kitambaa na ndoo, magurudumu yafutwe kama viatu vinavyovuliwa, na msikiti wenye uwezo uweke kiti chake safi cha ndani ahamishiwe. Akishaingia, asiwekwe nyuma kwenye nguzo: kiti kipangwe mwisho wa safu, magurudumu ya nyuma yakilingana na visigino vya wenzake.